Niliivundika Kama Ndizi

Nilipoolewa Iringa, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilitoka upande wa Mbeya, kwetu kwenye migomba, na Kihehe sikukijua. Mama mkwe naye hakujua Kinyakyusa. Tulielewana kwa hicho Kiswahili kidogo tulichokuwa nacho, na mengine kwa mikono.

Mwaka huo nilikuwa na mimba ya miezi saba. Maji tuliyateka bondeni, na kila nikipanda mlima na mtungi niliona kama siku haiishi. Jumamosi moja ng'ombe mzee wa baba mkwe alichinjwa, kwa sababu kesho yake mtoto wa shemeji yangu alikuwa anabatizwa na wageni walikuwa wengi. Mama mkwe alinipa sinia kubwa la nyama ya wageni, nyingine ikiwa imeshauzwa na kugawiwa jamaa, juu yake majani ya mpapai aliyoletewa kutoka Pawaga, akaniambia niivundike.

Nilitaka kumuuliza. Lakini baba mkwe alikuwa ameketi palepale uani, na kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya mkwewe, seuze kumsikizisha sauti. Nikainama, nikaondoka na sinia.

Mimi nilijua kuvundika ndizi. Kwa hiyo nilichimba shimo nyuma ya nyumba, mgongo ukiniuma, nikalipasha moto, nikatandika yale majani, nikaweka nyama na kuifukia.

Asubuhi nilipofukua, harufu ilinifikia kabla ya nyama. Sikulia. Nilikaa chini kando ya shimo, jembe mikononi.

Mama mkwe alinikuta hapo. Aliniuliza nani alinifundisha hivyo, nikamweleza habari ya ndizi. Kisha akasema kwamba kwao kuvundika nyama ni kuipaka majani ya mpapai yaliyotwangwa na kuifunika chunguni kwa saa chache, ili ilegee. Neno hilo alilileta kaka yake, aliyekuwa mpishi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Yeye alifundishwa na mpishi mzee wa pwani, na huyo mzee alisema wamelitoa kwenye ndizi, maana nyama nayo huivishwa kabla ya moto.

"Basi neno hukulikosea, mwanangu," akasema. "Umekosea nyama."

Akachukua jembe mikononi mwangu, akafukia mwenyewe.

Wageni walikula ugali kwa maharage. Baba mkwe alipouliza nyama iko wapi, nilikuwa jikoni nimeegemea ukuta, nikamsikia mama mkwe akijibu bila kupandisha sauti: "Nimeiharibu mimi. Nilisahau kuifunika."

Shangazi mmoja alimsimanga kwa ubatizo ule miaka na miaka, kila walipokutana, na yeye alitabasamu tu. Siku ile nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kusema ukweli. Baadaye nilipopata nguvu, kila nilipofungua mdomo alinikata jicho, nami nikanyamaza, mpaka tukamzika.