Majirani wa Nukta Nyekundu

Tangu Bhoke aondoke, hakuna anayepiga mluzi kwenye zizi la baba yake, Mzee Kasmiri, huku Butiama. Ng'ombe wanatolewa kwa fimbo na kelele, kama ng'ombe wa watu wengine. Mzee hajazoea. Asubuhi husimama kidogo mlangoni, akisikiliza kitu ambacho hakipo.

Binti huyo alichunga hadi kidato cha nne, akafaulu fizikia, akaendelea hadi chuo kikuu. Mwaka juzi alirudi likizo na picha moja na uso uliokunjamana. Watahini walikuwa wamemrudishia kazi yake ya uzamivu. Miezi sita airekebishe, la sivyo aanze upya.

Aliiweka picha kwenye kigoda. Katikati, nukta nyekundu.

"Hii ni galaksi, baba. Nyota mabilioni. Imefunikwa na vumbi kama mkaa chini ya majivu. Jicho halioni kitu, lakini kwa mwanga wa joto inazishinda galaksi karibu zote. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi. Mimi nasema imekulia penye msongamano. Majirani zake hawa hapa, nimewahesabu, kumi na saba. Watahini hawakubali."

"Umewahesabu!" Mzee akageukia jikoni. "Mama Bhoke, umesikia? Tumemlea zizini, bado anahesabu!"

Kwake ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Hutazamwa tu, na pengo hujionyesha.

"Mwache mtoto anywe uji," mama akajibu.

"Atakunywa. Bhoke, pale lamboni ulikuwaga unakuta mifugo ya kijiji kizima inakunywa pamoja. Ya kwetu uliijuaje?"

"Napiga mluzi. Wanaotoka pamoja ndio wetu."

"Na aliyesimama ubavuni mwa dume letu?"

"Anaweza kuwa wa mzee Nyamburi, amekuja kunywa tu..."

Akaitazama picha tena. Kikombe kilimponyoka, uji ukamwagika, wala hakuufuta.

Alirudi chuoni akapima mwanga wa kila nukta, maana mwanga huvutika kadiri unavyotoka mbali. Sita walikuwa wapita njia, wako karibu nasi, wamekaa mbele tu. Kumi na mmoja walikuwa mbali sawasawa na ile nyekundu. Hao ndio wake. Kazi ikapita.

Mzee Kasmiri alipopigiwa simu alichukua fimbo yake. Alishuka hadi lamboni, penye wachungaji wote, akawatangazia kwamba binti yake ametenganisha mifugo ya mbinguni.

"Na wangu wako wangapi huko?" Nyamburi akamchokoza.

"Sita. Na wote wamekuja kunywa maji ya watu."

Bhoke sasa anafanya kazi kwenye darubini moja huko Chile, katika jangwa lisilo na ng'ombe hata mmoja.