Jiko Moja Ugenini

Dada yangu alikuwa mlezi wa nyumba ya kupanga yenye vyumba tisa na jiko moja. Wapangaji hawakuwa ndugu, lakini kila mmoja alikuwa na zamu ya kupikia wote, na asiyejua kupika aliosha masufuria. Dada, kwa kuwa ndiye aliyepanga zamu, walimwita Waziri. Nyumba ilipopata sifa, kampuni iliyoimiliki ikataka kujua kama mtindo ule ungeshika nchi za nje, ikampeleka Dada ng'ambo kufungua nyumba ya majaribio. Ikifaulu, angekuwa msimamizi wa zote zitakazofuata. Alikitaka cheo hicho. Hakusema, lakini alinunua viatu vya ofisini kabla ya safari.

Huko wapangaji walilipa, wakaingia, wakatia kufuli kwenye makabati ya jikoni. Dada akatangaza zamu. Ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani. Hakutokea. Dada akamgongea.

"Kaka, watu wana njaa."

"Hata mimi, ndiyo maana nakula," akajibu mdomo umejaa. "Mama, mimi nimepanga chumba, sikupanga ukoo."

Dada alicheka aliponisimulia kwa simu.

Kesho yake akapika mwenyewe, akaacha mlango wa jiko wazi. Harufu haibishi hodi. Muuguzi wa chumba cha mbele alikuja kwanza. Fundi akafuata, sahani yake kubwa kuliko zote. Utani ukaanza mezani. Dada akaendelea kupika kila siku, na taarifa zake kwa kampuni zikawa tamu.

Mkurugenzi alikwenda kujionea, akawakuta wamezunguka meza wakicheka.

"Waziri, umeweza! Sasa tunafungua nyingine."

Dada akarudisha tonge sahanini. Ilitosha aseme ahsante.

"Bosi, hapa hakuna zamu. Napika mimi. Hizo nyingine zitanipata wapi?"

Mkurugenzi akaguna, akamwomba aache kupika, waone. Akaacha. Meza ikabaki tupu, kila mtu akarudi kula chumbani kwake. Lakini hakuna aliyehama. Walisalimiana vizuri ukumbini, wakapishana bafuni bila ugomvi, kodi ikaingia.

"Basi mtindo umeshika," mkurugenzi akampigia simu. "Cheo ni chako."

"Hiyo ni gesti, bosi. Tena gesti nzuri, fungueni tu. Lakini msiniweke mimi kuisimamia."

Akarudi nyumbani. Nilimgombeza sana, riziki haikataliwi hivyo, nilimwambia, na umri wetu haurudi nyuma. Nyumba zile za ng'ambo sasa ni tatu, zimejaa, na msimamizi wake ni kijana mwenye adabu.

Nikimuuliza kama anajuta, hanifichi.

"Najuta, mdogo wangu. Nilikitaka kile cheo. Lakini ningekwenda kuwafundisha watu nini, kufunga milango?"