Sahani ya Aliye Chini ya Jiko

Nant Gwern, kijiji cha wachimbaji wa makaa, ni safu moja tu ya nyumba za mawe, zimebanana ubavuni mwa mlima kama watu wanaojikinga mvua. Nyumba ya mwisho, ile inayotazama mgodi wa makaa, ndiyo aliyokaa Lowri Prosser tangu siku aliyoolewa. Watu wa kanisani walimjua kama mwanamke aliyefukuzwa kwa sababu ya bia. Wachimbaji walimjua kwa harufu. Aliyepita mlangoni pake wakati wa zamu alikutana na harufu ya jibini, haradali na bia ya moto, akameza mate, kisha akaharakisha hatua bila kujua kwa nini.

Wala hakuna aliyewahi kumwona Lowri akiionja bia hiyo.

Mumewe aliitwa Gwilym. Alikuwa mchimbaji, mtu wa maneno machache na njaa nyingi. Akitoka shimoni alioga katika beseni la bati mbele ya moto, akavaa shati safi, akaketi mezani, na Lowri akaanza kumtengenezea chakula alichokipenda kuliko nyama: mkate wa kuchoma uliomwagiwa mchuzi wa jibini na bia. Siagi iyeyuke kwanza, unga ufuate, bia imiminwe kidogo kidogo huku kijiko hakipumziki, kisha haradali, na mwisho jibini, sufuria ikiwa imesogezwa mbali na moto mkali. Jibini ikichemka hukatika, huwa nyuzi upande mmoja na mafuta upande mwingine, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Harufu ya bia ilipoanza kupanda, Gwilym alishika kisu akagonga meza kwa mpini. Pigo moja, kimya, mapigo mawili ya haraka. Moja, kimya, mawili. Hakuwa na hasira. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema njaa inamuuma, na Lowri alimjibu bila kugeuka kwamba jibini haina haraka ya mtu.

Tangu usichana Lowri alikuwa ameapa kanisani, kama nusu ya wanawake wa bonde lile, kwamba kileo hakitapita midomoni mwake. Hakikupita. Bia ya sufuria aliihesabu kuwa kiungo, kama chumvi, na wazee wa kanisa wa wakati ule walijifanya hawanusi, maana nao walikuwa na wake wanaopika.

Kisha njia ya chini aliyokuwa akichimba Gwilym ikashika moto. Wenye mgodi waliijengea ukuta wa matofali ili moto ufe kwa kukosa hewa, na Gwilym akabaki nyuma ya ukuta. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na kaburi la kupalilia. Lowri alikuwa mjamzito. Na njia ile, kila mtu alijua ingawa hakuna aliyemwambia, ilipita chini ya mtaa wao, ikaishia karibu na nyumba ya mwisho.

Miaka iliyofuata ardhi ilishuka kidogo, na jiwe kubwa la mbele ya jiko likapasuka. Ufa ule ulitoa upepo baridi hata siku ambayo nje hakuna jani linalotikisika. Mwanawe, Ithel, alijifunzia kutambaa juu ya jiwe hilo. Mara kwa mara Lowri alimkuta amelala kifudifudi, sikio lake limegandamana na ufa, macho wazi, ametulia kuliko mtoto anavyopaswa kutulia. Alimnyanyua akampangusa vumbi, akaogopa mafua. Wakati ule hakuogopa jambo jingine.

Alimlea kwa kupiga deki sakafu ya kanisa. Mchuzi wa jibini aliendelea kuupika, lakini kwa maziwa, maana mjane anayelishwa na kanisa hana uso wa kwenda mlango wa nyuma wa baa. Ithel alipokua alimpeleka kwa mfugaji mmoja juu mlimani, mbali na shimo. Kijana akarudi.

Alimwambia mama yake kwamba kondoo hawampendi, naye hawapendi, na kwamba Jumatatu angeanza kazi mgodini. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa.

"Rafiki zangu wote wako chini, mama."

"Hata baba yako yuko chini," Lowri alisema.

Baadaye, akifunga viatu, Ithel aliomba kitu kimoja tu: kabla ya kushuka, apikiwe ule mchuzi wa baba. Ule wa bia, si wa maziwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwenye uchungu hukubali mambo. Jumamosi jioni jirani yake, Tegwen, mwanamke mnene aliyekuwa na kuku na mdomo, alikwenda baa kwa niaba yake, akarudi na jagi limefichwa chini ya shali.

"Shoga, ningeanguka njiani na hili, wangesema nimekufa mlevi," alisema akilitua mezani. "Na wewe msafisha kanisa ungelia kuliko wote, ukijua dhambi ni ya nani."

"Weka hapo uende, Tegwen. Domo lako litaamsha mtaa."

Tegwen akaenda akicheka. Lowri akaikuna ile jibini nyeupe ya Caerffili, akayeyusha siagi, akamimina bia. Mkono wake haukuwa umesahau kitu. Povu likapanda likatulia, na ile harufu ya uchachu na shayiri ikajaza chumba kizima. Akamalizia kwa haradali na jibini, akampa Ithel kipande cha kwanza, akaendelea kukoroga.

Chini ya jiwe, kitu kikagonga.

Pigo moja. Kimya. Mapigo mawili ya haraka.

Kijiko kilisimama. Lowri alimtazama mwanawe. Ithel alikuwa ameketi na kipande cha kwanza mkononi, anakula, hakuinua hata kichwa. Pakagongwa tena, moja, kimya, mawili, bila hasira, kama mtu anayejua kwamba atapewa. Lowri akaamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia. Alichukua sahani nyingine, akaweka mkate, akaumwagia mchuzi, akajifanya anachochea makaa ili mwanawe asimwone akiiweka juu ya ufa. Kugonga kukakoma.

Asubuhi chakula kilikuwa palepale, kizima, kimefanya ngozi. Lakini harufu yake haikuwepo. Aliinusa sahani hadi pua ikagusa jibini, na ilikuwa kama kunusa jiwe. Akawatupia kuku wa Tegwen. Wakakisogelea, wakakizunguka, wakaondoka.

Wachimbaji husema kwamba wafu wanaogonga chini huwaita walio hai. Wengine husema huonya, lakini Lowri hakuwa na nafasi moyoni ya wengine hao. Aliona jambo moja tu: Gwilym hakuwahi kumwona mwanawe, na sasa mwana anamfuata huko huko. Jumatatu, Ithel alipotoka kabla ya mapambazuko na taa yake na kopo la chai, mama alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi. Kwenye jagi ilikuwa imebaki bia iliyolala. Akaibandika motoni ili tu afanye kitu. Mchuzi ulipoanza kunukia, chini ya jiwe pakagongwa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, likamkalisha chini. Aliyeko hapa hayuko kule. Maadamu anagonga akingoja mkate chini ya jiko langu, hana muda wa kumtafuta mtoto wangu gizani.

Kuanzia siku hiyo hakuna zamu ya Ithel ambayo Lowri hakupika. Ithel alipofanya zamu ya alfajiri, alipika alfajiri. Alipohamia ya mchana, alipika mchana. Aliupika taratibu, mkate baada ya mkate, akisikiliza, na kila alipogongewa mabega yake yalishuka kidogo. Tegwen alimletea bia hadi alipochoka kujificha, kisha Lowri akaenda mwenyewe, mchana kweupe, jagi mkononi, mbele ya madirisha ya watu. Jumamosi alichukua ya akiba, kwa kuwa Jumapili baa zote za bonde hufungwa.

Haikuchukua muda Mzee Prydderch akaja. Huyu alikuwa kiongozi wa wazee wa kanisa, mrefu, mkavu, mpole wa sauti. Aliketi kwenye kiti cha Gwilym, kofia magotini, akasema kwamba kuna maneno yanasemwa. Lowri alimwomba radhi kwa kumpa mgongo. Sufuria ilikuwa mahali ambapo haiachwi.

"Hiyo ni bia, mama Ithel."

"Ni bia, mzee."

"Unampikia nani saa hizi? Kijana yuko kazini."

"Mume wangu."

Mzee Prydderch aligeuza kofia yake magotini. "Gwilym amefariki, mama yangu," alisema, kama anayemwamsha mgonjwa.

"Najua, mzee. Ndiyo maana hamalizi sahani."

Pakagongwa. Moja, kimya, mawili. Mzee hakusema kwamba amesikia. Lakini Lowri, aliyekuwa ameshazoea kuangalia kila kitu, aliona kwa pembe ya jicho viatu vyake vyeusi vikiinuka polepole kutoka kwenye jiwe na kwenda kutua mbali, kwenye mbao. Mzee aliaga bila kumaliza chai. Jumapili jina la Lowri likasomwa mbele ya watu wote kwamba amevunja ahadi, na ndoo yake ya kupigia deki ikakabidhiwa mwingine. Alitoka kwa mlango wa kati, hakulia. Alikuwa akiwaza kama bia ya Jumatatu itatosha.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Ithel akawa mwanamume mwenye kifua na kikohozi kidogo, makovu ya bluu ya vumbi la makaa mikononi kama wachimbaji wote. Hakuwahi kumuuliza mama yake kwa nini sahani moja huwa chini. Na Lowri hakuwahi kumwambia.

Kisha ikaja siku ya ukungu, mwezi wa Novemba, ukungu mzito hata mgodi ulipotea ukabaki mlio wa gurudumu lake tu. Ithel alikuwa zamu ya mchana. Lowri akamimina bia, harufu ikapanda, akategea sikio.

Kimya.

Aliongeza jibini. Akaweka mkate juu ya ufa. Akapiga magoti, akaita jina la mumewe kwa sauti ndogo, akaona aibu, akaliita tena. Upepo haukutoka kwenye ufa. Aliweka kiganja, na ufa ukakivuta, kama mtu anayevuta pumzi ndani. Nyuma yake mchuzi ulichemka ukakatika, kwa mara ya kwanza tangu ajue kupika, na hakugeuka kuutazama.

Ametoka, alifikiri. Amekwenda kwa Ithel.

Alikimbia na kijiko mkononi. King'ora kililia kabla hajafika langoni mwa mgodi, na wanawake wengine wakatokea ukunguni mmoja mmoja wakiwa na aproni zao, hakuna anayemuuliza mwenzake. Walisimama. Gurudumu likazunguka, kizimba cha kubebea wachimbaji kikapanda, na waliotoka walikuwa weusi wote, wa kufanana, hata ikabidi kila mwanamke atafute macho ya mtu wake. Ithel alikuwa wa nyuma. Alikuja akaukunjua mkono wa mama yake, akachukua kile kijiko.

Alimsimulia wakitembea. Walikuwa wanachimba pembeni mwa ule ukuta wa zamani, na yeye akasikia harufu ya jibini na bia, ya moto, kama iko mbele ya uso wake. Akawaambia wenzake ni saa ya kula. Walimcheka, wakamuuliza tumbo lake limeanza lini kupiga saa, lakini wakamfuata hadi njia kuu wakiwa na makopo yao. Hawajafungua makopo, dari ikashuka yote mahali walipokuwa. Wenzake waliapa kwamba hawakusikia mlio wowote kabla yake. Ila mmoja aliuliza nani amepika.

Nyumbani Ithel akaoga mbele ya moto, akavaa shati safi, akaketi. Lowri alitupa mchuzi uliokatika akaanza upya. Siagi, unga, bia. Harufu ikapanda.

Nyuma yake pakagongwa. Moja, kimya, mawili.

Haikuwa chini. Ilikuwa mezani. Aligeuka polepole akamwona Ithel ameshika kisu, anagonga kwa mpini, macho yako kwenye moto, wala hajui kama anagonga.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Ithel akatazama mkono wake, akauweka chini. "Hakuna. Nimesikia mapigo hayo tangu nikitambaa, mama. Pale kwenye jiwe. Nilidhani kila nyumba hugonga."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Miaka yote hiyo Lowri alikuwa amemfunga Gwilym mezani ili asiende alikotakiwa, kumlinda mwanawe. Alisogeza sufuria mbali na moto, akakoroga, akahakikisha jibini imeungana. Ufa ulikuwa bado unavuta pumzi kwenda ndani.

"Weka sahani yake," Ithel alisema taratibu. "Leo ametembea mbali."

Akaiweka, ikifuka moshi, akaketi kando ya mwanawe. Walingoja muda mrefu. Makaa yakashuka. Kisha, chini sana, mbali kuliko siku zote, kama la mtu ambaye bado yuko njiani, likaja pigo moja. Mama na mwana wakashikana mikono juu ya meza, wakingoja yale mawili.