Uwanja wa Ndege Alioukimbia Baba

Msichana aliyetupigia simu kutoka Mombasa alisema anaandika historia ya ndege katika mji wao: viwanja vya kwanza, marubani, na mafundi ambao hakuna aliyewaandika. Jina la baba yangu alilikuta kwenye daftari la zamu la kampuni ndogo iliyokufa zamani, iliyokuwa ikirusha wageni kwenda Malindi na Lamu.

"Samahani dada, mzee yu hai?" aliuliza.

Nikamwambia yu hai, yuko hapa Kisugu, Kampala, ameketi mlangoni anabishana na redio.

Sisi wanawe tulijua machache. Baba, Mnubi wa Bombo, alikwenda pwani akiwa kijana, akajifunza ufundi wa injini za ndege, kisha akarudi Kampala na kufungua kinu cha kusaga mahindi Bwaise. Tulipomuuliza kwa nini aliacha kazi ya ndege, alijibu, "Kinu hakiruki." Tulicheka, na jibu hilo likatutosha miaka yote. Dada yangu alipokwenda kufanya kazi Dubai, ukoo mzima ulimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Entebbe. Baba alimuaga hapa mlangoni, akarudi ndani.

Nilidhani angekataa kuonana na mgeni. Alipunguza sauti ya redio, akasema, "Aje."

Msichana alikuja kwa basi, miguu imemvimba kwa safari. Nilimpa chai na maandazi, naye akamwamkia baba shikamoo kwa adabu ya watu wa pwani. Kisha akatoa picha moja, akaiweka kwenye stuli mbele ya baba. Wanaume watano wamesimama mbele ya ndege ndogo. Chini ya picha paliandikwa jina la rubani peke yake.

"Babu, hawa wengine unawakumbuka?"

Baba aliweka kidole kwenye kila uso. Huyu wa Kisauni, alikuwa mpiga dufu. Huyu Mgiriama, akiogopa paka. Huyu mimi. Msichana alikuwa akiandika huku anacheka. Kidole kikafika kwa wa mwisho, kijana mwembamba aliyevaa kofia kinyumenyume, kikakaa hapo.

"Na huyu?"

"Huyu nilimuua mimi."

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikasema, "Baba, usiseme hivyo." Hakunitazama.

Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtu kazi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha ndege, fundi hulizungusha pangaboi, lile panga la mbele ya ndege, kwa mkono mara chache ili oili ilainike. Swichi ya cheche lazima iwe imezimwa; ikiachwa imewashwa, injini inaweza kuwaka ghafla na pangaboi likampiga aliyelishika. Siku moja jioni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuishughulikia ndege ile. Alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Aliondoka bila kuizima swichi. Asubuhi rafiki yake, yule wa kofia, akafika mapema, akashika pangaboi.

"Nilimkuta amelala chini," baba alisema. "Nikapanda kwenye ndege kabla watu hawajafika. Nikaizima swichi."

Msichana alikuwa ameacha kuandika. Alisema taarifa ya ajali ameisoma: swichi ilikutwa imezimwa, hivyo aliyeiacha ndege jioni hakulaumiwa, na marehemu akaandikwa kuwa alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

"Wakubwa wa kampuni walitusomea. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikufungua mdomo."

Nilitoka nje nikaanua nguo zilizokuwa hazijakauka. Kusahau kunampata yeyote, nilijiambia. Lakini mkono ule uliopanda kuizima swichi haukuwa umesahau kitu. Nilimfikiria mama, aliyelala naye kitanda kimoja hadi kufa kwake, akidhani mumewe huamka akipiga kelele kwa sababu ya malaria.

Baba aliomba jambo moja tu: atafutiwe watu wa marehemu. Wiki mbili baadaye msichana akapata namba ya mtoto wa pekee wa marehemu, mwalimu mstaafu huko Likoni. Nilipiga, nikaweka sauti juu, nikamshikia baba simu.

Baba alisema yote, hata habari ya mpira.

"Mzee," yule mwalimu alisema, "unajua kwamba mama yangu hakupewa hata shilingi? Walimwambia mumewe ni mzembe. Alifua nguo za watu hadi vidole vikapinda. Na kwetu nyumbani baba hakutajwa. Mama alikuwa akimwonea haya."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama ndiye wa kuombwa, na mama amekufa."

Simu ikakatika. Baba alibaki ameikodolea macho. Tangu siku hiyo akawa hawashi redio, na kila simu yangu ilipolia aligeuza kichwa. Msichana alituma ujumbe kwamba kitabu chake kitaandika ukweli, na chini ya picha majina yote matano yatakuwapo. Nilimsomea baba. Aliuliza, "Yule mwalimu hajapiga?"

Hakupiga. Baba alianza kukataa chakula, kwanza cha usiku, kisha hata uji. Daktari alisema ni moyo. Alifariki Alhamisi asubuhi, tukamzika Bombo alasiri hiyohiyo, mvua ikinyesha.

Siku ya tatu nilimpigia mwalimu. Sikujua nataka nini kwake. Nilimwambia tu kwamba mzee ametutoka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema, na nikasikia akivuta kiti. "Alikuwa na umri gani?"

"Themanini na miwili."

"Babangu alikuwa na ishirini na sita."

Hakukata simu, nami sikukata. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake watoto wanacheza, mpaka salio langu likaisha.