Nilivyojifanya Mteja wa Mgahawa Wangu

Jamani, chekeni tu, hata mimi nimeshacheka. Juzi niliona wateja wanapungua kwenye mgahawa wangu hapa Iringo, nikataka kujua kasoro iko wapi. Wafanyakazi wangu nikiwauliza ana kwa ana, wanasemaga kila kitu kiko sawa. Basi nikajificha nyuma ya jengo, nikapiga simu ya mgahawa na kukwaruza sauti kama mzee wa kijiji cha Bukima.

“Eti binti, huduma yenu hapo ikoje?”

Neema, mhudumu wangu, akajibu kwa upole, “Nzuri, baba. Samaki wetu sato mtamu, ugali wa moto. Shida ni bosi tu. Mteja akianza kutoa dukuduku lake, yeye anamkatizaga kabla hajamaliza.”

“Si kweli!” nikaropoka kwa sauti yangu ya kila siku. “Nimemkatiza nani mimi, Neema?”

Mara nikasikia watu wengi wakiangua kicheko. Kumbe Neema alikuwa anapakua chakula, simu ameiweka spika kaunta, mbele ya wateja.

“Shikamoo bosi,” akasema. “Nilikuwa bado sijamaliza.”