Sufuria ya Makaroni ya Dada

Asubuhi ile dada yangu aliomba makaroni. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa homa, siku nyingi hataki hata uji, na ghafla akamwambia mama kwamba anatamani yale makaroni yetu ya nyama na maziwa, yanayopikwa yote katika sufuria moja. Mama akanipigia simu akicheka. Nilifurahi mpaka nikaenda sokoni na kandambili za kuogea.

Mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi nasi, hakufurahi.

"Mugonjwa akiomba chakula gafula, njo anapona," alisema, kisha akaongeza: "Ao anaaga."

Nikamwambia aache mdomo mubaya. Mimi hasira zangu ziko karibu, nyumbani kila mtu anajua. Akajifunga kitenge, akaenda hospitalini kumsaidia mama, nami nikabaki na sufuria.

Mapishi hayo dada aliyaona kwenye simu, akayageuza yafanane na mfuko wetu. Nyama ya ng'ombe unaikata vipande vidogo sana, maana ng'ombe wetu wametembea milima mingi kabla ya kufika sokoni, na nyama yao haina huruma na meno. Unaichemsha, unaikaanga humo humo na vitunguu na nyanya ya kopo, unarudisha supu yake, kisha unatia makaroni yaivie ndani ya supu. Maziwa ya unga yanakuja mwisho, yamekorogwa mazito, na tangu hapo huruhusiwi kuachia mwiko, la sivyo yanashika chini. Mama mdogo aliyaita uji wa wavivu. Hakuwahi kuyaonja, yeye ni mtu wa bukari, ugali wetu, na samaki.

Upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga mabati tangu mchana, na makala, mkaa wetu, yaliwaka vibaya. Nilimpigia mama nimwulize kama dada atataka pilipili. Simu ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena, nikakuta imezimwa. Nikajiambia ni chaji, umeme haukuwa umerudi tangu jana yake.

Nilikuwa namimina maziwa nilipomsikia jirani yetu wa nyuma anafagia uwanja wetu. Mama mzima, na kwake kuna kazi tele.

"Mama, nilishafagia asubuhi," nikamwambia kwa ukali.

"Acha tu, mama," alijibu bila kuinua kichwa. Alipomaliza kufagia akaingia sebuleni, akaanza kutoa viti nje, kimoja kimoja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi niliendelea kukoroga. Nilijifanya nachunga maziwa.

Kisha mama mdogo akarudi, peke yake.

"Dada iko namna gani?" nikamwuliza.

"Analala."

"Chakula kimeiva. Nifunge tupeleke?"

"Kula kwanza."

"Hii ni ya mugonjwa!"

"Kula kwanza, mama," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akachukua birika akaninawisha mikono. Kwetu mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, na mama mdogo ni mkali sana katika mambo hayo. Maji yalimwagika ovyo sakafuni, naye akaendelea kumimina.

Hapo niliogopa. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa na tumbo tupu. Watu wanakuja, wanakaa, wanakubembeleza ule, maana kilio ni kirefu na mwenye njala ataanguka. Ukishaweka sahani chini, ndipo mkubwa anakusogelea na kuanza kusema polepole. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa hivyo mbele ya jirani yule yule, nikimtazama anavyokula mihogo yake na hajui kitu.

Mama mdogo akanipakulia sahani iliyojaa. Akachota kidogo na yeye, akatia mdomoni.

"Iko muzuri," akasema. Macho yake yalikuwa ukutani.

Nikala. Makaroni yalikuwa mazuri kweli, laini, nyama imelegea kama dada alivyopenda, na hilo liliniudhi. Nilitafuna kila kipande mpaka kikakosa ladha. Hakuna aliyeniharakisha. Jirani alisimama mlangoni, na nje watu walikuwa wameanza kukaa kwenye vile viti, wameinamisha vichwa. Niliwachukia wote. Lakini sheria yao niliijua: maadamu ninakula, hakuna atakayefungua mdomo, na maadamu hakuna aliyesema, dada yangu analala tu.

Sahani ikaisha. Mama mdogo akavuta kigoda chake karibu, akaweka mkono juu ya goti langu, akavuta pumzi.

"Niongezee," nikamwambia.