Nilivyompisha Mama Mkwe Mlimani

Tangu juzi naona aibu kutoka nje. Mdachi mmoja alinichukua hapa Ifakara nimwongoze hadi kilele cha mlima, na mimi nikajigamba kwamba naijua kila njia.

Tukiwa kwenye kijia chembamba, nikamwona mama mkwe anashuka na kuni. Kwetu mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Nikachepuka haraka vichakani, nikasahau kwamba mimi ndiye kiongozi. Wapagazi wote wakanifuata na mizigo yao, Mdachi naye nyuma yao, tukazama kwenye miiba.

“Njia iko wapi?” akafoka, kiboko mkononi.

Mama mkwe akatupa mgongo, akausemesha mzigo wake taratibu: “Kuni zangu, mwambieni mwanangu asije akachapwa bure. Njia ni hii. Apite tu, nimefumba macho.”